Nywele Zangu Ndani ya Karatasi ya Kaboni

Niliona kwa macho yangu mawili msichana wa Kikamba akiokota nywele zangu kwenye ukosi wa koti langu, moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

Akazikunja ndani ya kipande cha karatasi ya kaboni. Akakitia mkobani. Akafunga zipu.

Hapo nikajua nimekwisha.

Kama wewe ni wa kwetu, upande wa ziwa, huhitaji maelezo. Kwetu mtu akinyolewa, nywele zake hazitupwi ovyo. Zinafichwa au zinachomwa, asije mwenye roho mbaya akaziokota. Na huyu aliyeokota zangu alikuwa mtu wa Machakos! Tangu tukiwa watoto tuliambiwa kwamba watu wa huko wakitaka kukumaliza hawahitaji panga.

Tena alikuwa na sababu ya kunimaliza. Sababu nzuri kabisa, na mimi ndiye niliyempa.

Mwaka ulikuwa 1972.

Mimi naitwa Joash. Kidato cha nne nilimaliza, cheti ninacho, na kazi yangu ilikuwa karani wa faili kwenye ofisi moja ya bima, ghorofa ya tatu, Government Road, Nairobi. Suruali yangu belbotomu. Viatu raizoni, vya soli nene. Kichwani afro.

Si afro ya kuombaomba. Afro ya kuinama mlangoni. Watu wakiniona natoka kwa mjomba wangu kule Muthangari asubuhi, kwanza waliona nywele, halafu baada ya muda wakaniona mimi.

Pale ofisini mimi ndiye niliyekuwa mwenye mdomo. Kila mtu alikuwa na jina nililompa. Isipokuwa Mzungu wetu, meneja, ambaye kichwa chake kilikuwa kipara cha kung'aa kama sahani. Huyo sikumtania hata siku moja. Mzaha una akili zake, haumwendei anayekuandika kazi.

Mzaha wangu ulimwendea Ndunge.

Ndunge alikuwa mpiga taipu wetu. Mwembamba, mkimya, vidole kama mvua ya mawe. Na alivaa wigi.

Miaka ile nusu ya wanawake wa mjini walivaa wigi, hilo halikuwa ajabu. Ajabu ni lenyewe lilivyokuwa. Jeusi la kuelekea wekundu, limechakaa, na ikifika saa sita limehamia upande wa kushoto.

"Ndunge, huyo paka umempa maziwa leo?"

"Ndunge, paka wako ameamka. Amegeuka upande."

Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili, wakati mwingine kila wiki, aliomba ruhusa ya asubuhi. Hakusema anakwenda wapi. Mimi nikawaambia watu anampeleka paka kwa daktari wa mifugo.

Ofisi nzima ilikuwa ikicheka mpaka chai inamwagika. Rafiki yangu Shem, karani mwenzangu wa kutoka Busia, alikuwa akipiga meza kwa viganja.

Ndunge hakujibu. Aliendelea kupiga taipu. Na kile kimya chake ndicho kilichoniwasha. Mtu mwenye mdomo kama wangu ukimnyima jibu, umemnyima chakula.

Basi Ijumaa moja mwisho wa Aprili nikachukua kibanio cha karatasi, nikakikunjua kikawa ndoano. Nikafunga uzi wa faili. Ncha ya pili nikaifunga kwenye mguu wa kabati. Ndunge akiwa ameinama anasahihisha barua, nikapita nyuma yake polepole, nikatega.

Mzungu akaita kutoka ndani, "Ndunge! Barua!"

Ndunge akasimama, akaenda.

Wigi likabaki.

Likaning'inia hewani kwenye uzi, likizunguka polepole. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi. Wakacheka nao.

Kisha tukaona kichwa chake.

Hakikuwa kichwa kilichonyolewa. Kilikuwa na mabaka laini, mengine meupe, mengine meusi kama yaliyoungua, na katikati vishada vya nywele vimesimama peke yavyo. Yalikuwa makovu. Kicheko kikakatika, akabaki Shem peke yake, ambaye siku zote huchelewa kuanza na huchelewa kumaliza.

Ndunge hakujifunika kwa mikono. Hakulia. Alirudi, akalitoa wigi kwenye uzi, akalivaa. Kibanio akakileta mezani pangu, akakiweka mbele yangu.

"Hii ni mali ya ofisi," akasema.

Akaingia kwa Mzungu na barua yake.

Siku hiyo Caren alikuwepo.

Caren alikuwa mchumba wangu, msichana wa kwetu, yaya kwenye nyumba ya Wazungu Spring Valley. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu na kitu, na mjomba alishapeleka maneno kwa wazazi wake. Ijumaa mchana alipewa ruhusa, akaja mjini kuniona. Na kila alipokuja, ni Ndunge aliyempa kiti chake akae, akamletea maji, akamwita mdogo wangu. Mimi nilikuwa nikisimama pale nikisimulia vichekesho.

Tukishuka ngazi, Caren akasema, "Joash, na kama ingekuwa wewe?"

"Mimi?" Nikajipigapiga afro. "Hiki kichwa?"

Hakucheka.

Wiki mbili hazikwisha, kichana changu kikaanza kutoka na nywele.

Kwanza chache. Kisha kishada. Kisha asubuhi moja nikashika nyuma ya sikio nikagusa ngozi tupu, ukubwa wa shilingi. Siku ya nne zikawa shilingi tatu. Siku ya kumi kichwa changu kilikuwa kama shuka iliyoliwa na nondo.

Viganjani nako kukatokea madoa ya kahawia. Hayaumi, hayawashi. Nikasema ni wino wa mashine ya stenseli. Nilisugua kwa mafuta ya taa, wino haukutoka.

Sasa niseme na lile jingine, maana nataka kusema ukweli wote. Mwezi wa Februari, Caren alipokwenda kwao kumzika bibi yake, mimi na Shem tulipotelea kwa wanawake wa baa za River Road. Tulipotea vizuri. Mwezi wa Machi nikapata kidonda kimoja mahali pasipotajwa mbele ya mchungaji. Hakikuuma. Kikapona chenyewe bila dawa.

Nilijisifu kwa Shem kwamba damu yangu ni ya simba.

Sikuunganisha mambo haya. Kidonda kilikuwa huku chini, nywele ziko kule juu. Nani angeunganisha?

Basi ndipo siku ile nikatoka chooni nikamkuta Ndunge ameinama kwenye kiti changu, mbele ya koti langu, anaokota.

Shem aliona pia. Alikuwa amejificha nyuma ya kabati na faili kifuani.

"Amechukua," akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Na karatasi ya kaboni, bwana. Nyeusi! Umekwisha, ndugu. Mimi ningekuwa wewe ningeandika nani atarithi raizoni."

"Shem, nyamaza."

"Nauliza tu. Miguu yetu ni saizi moja."

Jumamosi hiyo mjomba Ogutu alinipeleka Kawangware kwa mganga, mama mmoja anaitwa Nanyama. Mjomba alikuwa mpishi nyumbani kwa Mzungu, mtu wa kanisa, lakini alikuwa na msemo wake: kanisa ni la Jumapili, juma lina siku saba.

Nanyama alitazama kichwa changu kama mtu anayetazama kabichi sokoni.

"Kuna mwanamke," akasema. "Anaficha kichwa chake."

Mimi na mjomba tukatazamana. Amejuaje? Sasa ndiyo nakumbuka kwamba mjomba alikuwa amemsimulia kila kitu mlangoni, lakini siku ile niliona ni miujiza.

Akachukua wembe, akanichanja kwenye kila baka, akasugua unga mweusi. Nililia kama mtoto. Nikarudi Muthangari na kichwa kimevimba, kimefungwa kitambaa cha jikoni cha Mzungu wa mjomba, chenye picha ya bata.

Jumatatu sikuwa tena mchekeshaji. Nilikuwa mgonjwa wa Ndunge.

Na mimi nikikosa kuchekesha, najua kazi nyingine moja tu. Kuchongea.

Tuliwaambia watu, mimi na Shem. Wanawake wakaacha kunywa chai ikiwa Ndunge amegusa birika. Mmoja akakumbuka mtoto wake aliugua surua siku aliyoongea naye. Mwingine akakumbuka mumewe alihama. Kila mtu akatafuta shida yake, akaipeleka mezani kwa Ndunge kama anapeleka barua ya kupigwa taipu.

Mwisho nikaandika ombi kwa meneja. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Kwamba sisi tuliotia sahihi hapa chini tunaomba Ndunge aondolewe, kwa sababu ya uchawi unaodhuru wafanyakazi.

Na sasa sikiliza ukatili.

Pale ofisini barua yoyote iliyokwenda kwa meneja ilipigwa taipu kwanza. Mwandiko wa mkono hakuupokea. Mpiga taipu alikuwa mmoja.

Nililiweka ombi langu la penseli kwenye trei yake, katikati ya barua nyingine, kama kawaida. Kisha nikakaa kwenye kiti changu nikamtazama.

Alilichukua. Akalisoma mara moja. Akaweka karatasi, akaweka kaboni mbili, akapiga.

Hakusimama hata mara moja. Vidole vilevile, mvua ya mawe ileile. Alipomaliza akaleta nakala zote kwenye meza yangu.

"Ulikuwa na makosa mawili," akasema. "Nimerekebisha."

Watu kumi na mmoja walitia sahihi. Hata Nzioka, tarishi, mtu wa kwao Machakos, naye alitia. Aliogopa asipotia naye atashukiwa.

Mzungu alisoma, akakuna kipara. Uchawi hakuuamini. Lakini aliona wiki nzima hakuna kazi inayofanyika, na hilo aliliamini. Ndunge akaambiwa Jumamosi ya kwanza ya Juni iwe siku yake ya mwisho. Tulifanya kazi nusu siku.

Saa sita na nusu akaifunika taipu kwa kifuniko chake, akakivuta pembe zote nne zikakaa sawa. Akachukua mkoba. Akaja mezani pangu.

Akaweka bahasha.

"Soma," akasema. "Sifanyi kwa ajili yako."

Akaenda zake. Hakuna aliyemuaga.

Mimi nilikuwa nimeshasukuma kiti nyuma mpaka ukutani. Shem akaleta rula mbili, akaibana ile bahasha kama mtu anayebeba panya mfu, akaiviringisha kwenye gazeti.

"Usiiguse," akasema. "Hiyo ndiyo yenyewe. Hiyo ndiyo ya kumalizia."

Nikaibeba hadi Muthangari kwa ncha za vidole.

Mjomba Ogutu alileta koleo la jikoni na chumvi. Tulikuwa nyuma ya nyumba kubwa, mbele ya chumba chetu. Jiko la makaa limekolea. Caren naye alikuwa amekuja kututembelea, mimba sasa miezi mitano, amejifunga leso mbili kwa baridi ile ya Juni inayopenya hadi kwenye meno.

"Ni nini?" akauliza.

"Uchawi wa Ndunge," nikasema.

"Dada Ndunge? Si mfungue kwanza muone?"

Mjomba akamtazama kwa huruma. "Binti yangu, bahasha ya mchawi haifunguliwi. Ukiifungua umeipokea."

"Lakini kama ni barua?"

"Caren," nikasema, "mambo haya nyinyi wanawake hamyajui."

Mjomba akainyunyizia chumvi, akaitia motoni kwa koleo. Ikajikunja. Ikashika moto wa buluu kidogo, tukasema, mmeona? Mmeona rangi hiyo?

Caren alikuwa anatetemeka kwa baridi. Akasogea, akanyoosha viganja vyake juu ya moto ule, akaota.

Na ajabu ni kwamba nilipona.

Mwisho wa Julai viganja vyangu vilikuwa safi. Nywele zikaanza kuota kwenye mabaka, moja baada ya jingine, yakabaki matatu. Nilimpelekea Nanyama kuku. Shem alisikitika kidogo kuhusu raizoni.

Ofisini nikarudi kwenye mdomo wangu. Mpiga taipu mpya alikuwa na meno ya mbele yaliyotoka nje. Unaweza kukisia mwenyewe.

Agosti, wiki ya pili, mama mwenye nyumba wa Spring Valley alipiga simu ofisini. Caren ameshikwa na uchungu. Amempeleka hospitali kwa gari lake.

Nikahesabu miezi kwa vidole. Saba. Hata nane haijafika.

Nilipofika mkunga alinizuia mlangoni. Akaniambia ni mvulana na hakulia.

"Nataka kumwona," nikasema.

"Usimwone, baba."

Nikalazimisha. Mimi ni mtu wa kulazimisha. Sitaandika nilichokiona. Nitasema tu kwamba ngozi yake ilikuwa inachubuka, na viganja vyake vidogo vilikuwa na madoa.

Niliyajua madoa yale.

Mkunga alikuwa amemtoa Caren damu. Majibu yalipokuja hakumuuliza Caren kitu. Aliniuliza mimi. "Wewe umewahi kuwa na kidonda? Umewahi kunyonyoka nywele?"

Siku Caren alipopata nguvu ya kutembea, tulitumwa wote wawili kliniki ya ngozi. Ilikuwa Alhamisi.

Daktari alikuwa Mhindi mfupi, miwani kwenye paji la uso. Aligeuza kichwa changu kwa vidole viwili, akatazama mabaka matatu yaliyobaki, akatazama chale za Nanyama.

"Hii nani nakata?"

"Mganga, daktari. Nililogwa."

"Wewe nafikiri nywele imelogwa?" Akashusha miwani. "Wiki hii mimi naona kichwa ishirini. Mmoja nasuka kaza sana. Mmoja chanuo ya moto naunguza. Mmoja mtoto, iko mashilingi, fangasi ya kichwa. Mmoja mama juzijuzi nazaa. Mmoja damu kidogo. Kila kichwa na kesi yake. Hakuna hata moja nalogwa. Wewe ya kwako iko kaswende."

Akasema kama mtu anayetaja kituo cha basi.

"Lakini nilipona!" nikasema. "Viganja vilipona! Nywele zinarudi!"

"Nje napona. Ndani nakaa." Akamtazama Caren. "Ndani yako, na ndani yake."

Caren alikuwa ameketi pembeni yangu, leso yake imelowa kifuani, maana maziwa hayajui kwamba mtoto amekufa.

Daktari akamwita muuguzi alete sindano. Sista Wahu, mama mnene, kalamu kwenye nywele. Akafungua daftari la wagonjwa.

"Jina?"

Nikalitaja.

Kalamu ikasimama.

"Joash wa bima? Wa Government Road?"

"Ndiyo, sista."

Akafungua kurasa kurudi nyuma. Agosti, Julai, Juni. Akaligeuza daftari nilisome.

Alhamisi, tarehe 8 Juni. Jina langu. Mbele yake: *hakuja*.

Tarehe 15. Jina langu. *Hakuja*. Tarehe 22. *Hakuja*. Tarehe 29. *Hakuja*.

"Tulikungoja mwezi mzima," Sista Wahu akasema. "Nywele zako zilifika kabla yako. Ndunge alizileta kwenye karatasi ya kaboni. Daktari akaziweka kwenye darubini, akaona si mashilingi. Ndipo Ndunge akamweleza habari ya viganja, kwamba ulikuwa ukimpa faili anaviona. Hapa kwenye benchi amekaa miaka miwili na watu wa kila ugonjwa, anajua viganja hivyo. Daktari akasema mlete upesi, hasa kama ana mke. Ndunge akasema kuna msichana, ana mimba. Tukamwandikia karatasi akuletee."

Sikuweza kumtazama mtu.

"Kila Alhamisi aliuliza. Amekuja? Hakuja. Amekuja? Hakuja. Karatasi hukuipata?"

Nikasikia sauti ya Caren, ndogo sana.

"Ilikuwa bahasha nyeupe?"

"Ndiyo, mama. Nyeupe."

Caren akageuza mikono yake mapajani, akatazama viganja vyake.

Nilijua anakumbuka nini. Aliuota ule moto.

"Daktari," akasema, "tungekuja tarehe hiyo, mtoto..."

Daktari akapandisha tena miwani. "Sindano Juni napona mama, mara nyingi mtoto napona. Mara nyingi. Mimi hapana jua kila kitu."

Tulipigwa sindano. Caren kwanza. Hakutoa sauti. Mimi nilipiga kelele, na Sista Wahu akaniambia ninyamaze, sina aibu, mwanamume mzima.

Caren hakurudi nami Muthangari. Alipanda basi la kwenda kwao wiki hiyo hiyo. Mjomba Ogutu alimfuata hadi kituoni na mkate na maneno ya kuomba msamaha. Alipokea mkate.

Oktoba nilirudi kliniki kupimwa damu mara ya mwisho. Kichwa changu kilikuwa kimejaa. Kila baka lilikuwa limefunikwa. Zilirudi nyeusi, nzito kuliko mwanzo. Wengine wangesema nzuri kuliko mwanzo.

Ndunge alikuwa kwenye benchi.

Hakuwa na wigi. Alijifunga kitambaa cha buluu. Nikakaa mbali kidogo, halafu nikasogea.

"Dada Ndunge."

Sikuwahi kumwita dada. Alinitazama, macho yakapanda hadi kichwani.

"Zimerudi," akasema.

"Zimerudi."

"Zote?"

"Zote."

"Zangu hazirudi. Nilikwenda kwa waganga miaka miwili kabla ya kuja hapa. Wananipaka, wananichanja. Nilipofika daktari akasema ungekuja mapema tungezuia. Penye kovu hazioti tena." Alisema bila kulalamika. "Ndiyo maana nilifanya haraka na zako. Caren hajambo?"

"Amerudi kwao."

"Na mtoto?"

Nilitaka kusema, mdomo wangu ukakataa. Mdomo huu, ulioweza kila kitu. Nikatikisa kichwa.

Ndunge akafumba macho. Alipoyafumbua hakuwa na huruma ndani yake, na sikuistahili.

"Karatasi niliyokuletea ilikuwa na mistari mitatu," akasema. "Jina la daktari, siku, na kwamba umlete Caren. Mistari mitatu ilikushinda?"

"Sikuifungua. Tuliichoma."

"Mliichoma."

"Nilidhani..."

"Najua ulidhani nini. Mimi ndiye niliyelipiga taipu lile ombi lako."

Sista Wahu akaliita jina lake. Ndunge akasimama, akakaza fundo la kitambaa.

"Mimi niliishia darasa la saba," akasema. "Wewe ndiye wa kidato cha nne."

Akaingia. Mlango ukafungwa.

Nilinyoa afro siku hiyo hiyo. Kinyozi wa Muthangari alishangaa, akasema nywele nzuri hivi unatupa? Akaniuliza azifunge kwenye gazeti niende nazo, kama desturi ya watu wa kwetu.

Nikamwambia azifagie tu.

Funzo langu ni fupi, maana sina uso wa kuhubiri. Ukiona nywele zinadondoka, usitafute nani amekuloga. Mwili unakuarifu kitu, na kuna watu waliosomea kuusikiliza. Nenda kwao, nenda mapema, na usiende peke yako kama kuna mtu unayelala naye. Huenda ikawa ni kusuka kwa kukaza tu. Huenda ikawa ni kitu kinachomngoja mtoto wako tumboni.

Na yule unayemcheka kila siku ofisini, akikuletea bahasha, ifungue.